Mkuu wa Kompyuta ya Raudha

Mjinga wa siku ile alikuwa Mongi, tusipoteze muda kumtafuta mwingine. Mwenyewe alikuja kukubali, ingawa ilibidi asukumwe mpaka ukutani, mbele ya wageni, huku simu ikiwa kwenye spika. Kabla ya kufika hapo alikuwa ameshalaumu kibodi, umeme, joto, vumbi la mtaani na mke wake, kwa mpangilio huo, kisha akarudi kumlaumu mke wake alipokosa kitu kingine cha kulaumu.

Ilikuwa siku ya mwisho ya Ramadhani. Mji mzima wa Sfax ulinuka samaki wa chumvi aliyelowekwa kwa ajili ya asubuhi ya Eid, na jikoni kwa Raudha vitunguu na zabibu kavu vilikuwa vikiiva polepole kuwa sharmula, mchuzi mzito wa kulia samaki huyo. Raudha hakuweza kuonja, alikuwa amefunga, kwa hiyo alikuwa akiinamia sufuria na kunusa, anaongeza mdalasini, ananusa tena. Sebuleni, mumewe alikuwa amefunga pia, lakini yeye alifunga kama anavyofunga mvutaji wa sigara, yaani alikuwa amewafungia watu wote wa nyumba ile furaha. Watu wa huko wana jina la wazimu huo, wanauita hashisha ya Ramadhani, na mtu akishasema fulani ana hashisha, basi fulani husamehewa matusi, honi za gari, hata kofi. Mongi aliutumia msamaha huo kila mwaka kama mtu anayetumia nauli ya bure.

Raudha alikuwa fundi wa michoro ya magauni ya harusi. Alichora kwenye kompyuta, kipande kwa kipande, kisha mchoro ukatumwa karakana ya Lotfi, barabara ya Gremda, ambako mashine ilikata hariri vile vile ulivyochorwa. Nyumba ilikula kutokana na michoro hiyo. Mongi yeye alikuwa ameacha kazi ya mkuu wa idara ya kompyuta katika ofisi moja, baada ya kugombana na kila aliyemwomba afanye kitu. Huko alikaa miaka mingi akisaini karatasi za kazi zilizofanywa na vijana wake, akaondoka akiamini kwamba kazi zile alizifanya yeye.

Na ndiye aliyeiwekea kompyuta ya mkewe mfumo wa Linux. “Huu ni wa watu wanaojua,” alimwambia. Raudha alipoomba flashi ya kuweka nakala za michoro yake, alimcheka. “Nakala ni za watu wa mifumo inayoharibika, mama.”

Asubuhi hiyo, hana sigara, hana kahawa, hana wa kugombana naye, Mongi aliitazama kompyuta ya mkewe akakerwa na dirisha la kuingilia. Dirisha lilikuwa na jina moja tu: Raudha. Mkuu wa mtambo, yule msimamizi mwenye ruhusa ya kufanya na kubomoa chochote, hakuruhusiwa kupita hapo. Waliotengeneza mfumo ule walikuwa na sababu zao. Mtu mwenye uwezo wa kubomoa kila kitu asipewe kipanya na picha za kubonyeza, kama ana shida apite mlango wa maandishi, ambako lazima ajue anachokitaka. Mongi aliyaona haya kuwa matusi aliyoandikiwa yeye binafsi.

“Ndani ya nyumba yangu,” aliiambia skrini, “mimi ndiye wa kukatazwa?”

Akasoma kwenye simu maelekezo ya mtu asiyemjua, akayanakili. Kwa kuwa Raudha alikuwa ameiacha kompyuta wazi, akapita kwa jina lake, akampa mkuu paswedi mpya, akafuta ule mstari wa maagizo unaomkataza mkuu asiingie. Akatoka, akaingia kama mkuu. Ikafunguka. Akaketi akiitazama ile skrini kama mtu aliyepewa kiti cha uwaziri.

Angeishia hapo tusingekuwa na hadithi. Lakini mtu akishakuwa mkuu hutafuta cha kutawala. Akaifungua folda ya Raudha yenye michoro yake yote, akaona imeandikwa kwamba mwenyewe ni Raudha. Hakupenda. Kwa kubonyeza mara chache akaandika kwamba mwenyewe ni mkuu, yeye, na kila kilichomo ndani ni chake pia, hata yale mafaili madogo yaliyofichwa ambayo kompyuta huyahitaji ili imfungulie mtu meza yake. Akaondoa na jina la Raudha kwenye kundi la wanaoruhusiwa kuamuru. Mwisho, kwa usafi, akaagiza masasisho yote, akaizima na kuiwasha. Na masasisho yale, katika kupita kwao, yakaurudisha mstari alioufuta.

Akaenda kulala usingizi wa mchana wa mtu aliyefanya kazi.

*

Raudha alikuja na mikono inayonuka vitunguu, akaketi, akaandika paswedi yake. Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika moja, kumtumia Lotfi mchoro wa Emna kabla hajafunga karakana. Lotfi alikuwa akingoja mchoro huo tu, kisha apande kivuko kwenda kisiwani Kerkena kwa wazee wake kusherehekea Eid, na harusi ya Emna ilikuwa ndani ya wiki hiyo hiyo.

Emna alizaliwa bega moja likiwa juu kuliko jingine. Fundi wa kwanza alimjazia pamba upande wa chini, Emna akatoka kwenye chumba cha kujaribia kama godoro lililofungwa vibaya, na wasichana waliokuwa pale wakacheka. Raudha alimpima na kumpima tena karibu Ramadhani nzima, akahamisha mishono, akaipindisha shingo ya gauni kidogo, akalaza mikunjo pale ambapo jicho lingeteleza. Mara ya mwisho, gauni la majaribio la kitambaa cha shuka lilipokaa mwilini, Emna alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu, kisha akauliza, “Huyu ni mimi?” Mchoro wa gauni hilo ulikuwa mle ndani ya kompyuta, na kwingine kokote haukuwepo.

Kompyuta ikaipokea paswedi. Skrini ikawa nyeusi. Raudha akangoja. Likarudi dirisha lile lile la kuingilia, kimya, kama mlinzi wa hoteli aliyekupokea koti, akakuinamia kwa heshima, kisha akakutoa nje kwa mlango wa nyuma.

Akaandika tena, polepole. Nyeusi. Dirisha.

“Mongi! Hebu njoo.”

“Nimelala.”

“Hujalala, unaongea. Kompyuta hainiingizi.”

Akaja akiburuta kandambili. “Umekosea paswedi.”

“Ningekosea ingeniambia nimekosea. Inanikubali halafu inanitupa.”

“Sogea. Wewe unabonyeza kama unapigilia misumari.” Akaandika paswedi ya mkewe mwenyewe, kwa kidole kimoja, akiitamka herufi kwa herufi. Nyeusi. Dirisha. Akakohoa. “Kibodi hii ina vumbi.”

Kisha, akimkinga Raudha kwa bega asione, akajaribu jina la mkuu. Dirisha likamwambia samahani, haikuwezekana. Akajaribu tena. Samahani. Pale ndipo alipokumbuka asubuhi yake yote, kitendo kimoja baada ya kingine. Hapo palikuwa na nafasi nzuri ya kusema. Angesema, mambo yangekwisha kabla wageni hawajafika.

“Ni umeme,” akasema. “Jana usiku ulipungua.”

*

Wageni walikuwa Bi Wasila, mama yake Emna, na Emna mwenyewe. Walileta sahani ya vileti, biskuti za Eid, iliyofunikwa kitambaa, na walikuja kusikia tu neno moja, kwamba mchoro umekwenda. Waliketi kwenye kochi. Mongi alikuwa ameinamia kompyuta iliyokuwa kwenye kona ya chumba hicho hicho, jasho likimtoka, na Raudha amesimama nyuma yake.

“Umeenda, binti yangu?” Bi Wasila akauliza.

“Bado kidogo, shangazi. Kompyuta imekwama.”

“Imekwama vipi? Lotfi anafunga alasiri.”

Mongi akageuka na kiti. Alikuwa na sauti aliyoitumia ofisini, ile ya kuwaeleza watu mambo kwa namna ambayo hawatauliza tena. “Bi Wasila, mtambo huu ni wa kitaalamu. Mtu asiyejua akibonyezabonyeza, hivi ndivyo inavyokuwa. Nilimwambia mke wangu mara ngapi? Lakini wanawake na vitufe.”

Raudha alikaza kamba ya aproni yake. Alimtazama tu kisogo.

Bi Wasila aliuvuta mkoba wake mapajani. Alikuwa mwanamke wa heshima, na watu wa heshima hawagombi nyumbani kwa mtu siku ya kuamkia Eid, wanakutazama tu kwa upole unaokuua. “Raudha mwanangu, watu wote walinisifia wewe. Mimi nikamwacha fundi mwingine. Sasa ningejua kwamba unajifunzia kwenye gauni la mwanangu…”

“Mama,” Emna akasema, “yaishe. Nitajifunika shali.”

“Shali? Kwenye joto hili? Bibi harusi kama anaumwa homa?”

“Si nitakuwa nimekaa tu muda mwingi. Nikikaa bega halionekani sana.”

Alisema hivyo kwa wepesi, kama mtu anayetoa kiti chake kwenye basi. Raudha aligeuza uso, akaelekea jikoni kuzima moto wa sharmula, ambayo ilikuwa imeanza kushika chini. Aliporudi alimkuta Mongi ameshachomeka flashi ubavuni mwa kompyuta.

“Hiyo ya nini?”

“Naweka mfumo upya. Usafi kabisa. Nusu saa.”

“Na michoro?”

“Michoro utachora tena. Si unayo kichwani?”

Raudha aliichomoa ile flashi, akaitumbukiza kwenye mfuko wa aproni, pamoja na kijiko. Kisha akachukua simu.

“Unampigia nani?”

“Anis.”

“Anis!” Mongi akasimama. Anis alikuwa mmoja wa vijana wake wa zamani, na sasa ndiye aliyekalia kiti chake ofisini. “Yule mtoto nilimfundisha mimi kushika kipanya! Raudha, ukimpigia huyo, mimi naondoka nyumba hii.”

“Funga mlango vizuri, samaki anaita nzi,” Raudha akasema, akaiweka simu kwenye spika, ikaita.

Mongi hakuondoka. Aliketi kwenye mkono wa kochi.

*

“Bi Raudha! Eid njema mapema,” sauti ya Anis ikajaa sebuleni. “Na bosi wangu mzima? Hashisha haijamuua?”

“Anakusikia, Anis. Kompyuta inanikubalia paswedi, inakuwa nyeusi, halafu inanirudisha dirishani.”

“Aaa. Nani aliigusa?”

“Umeme,” Mongi akasema.

“Bosi! Salama? Umeme hauna kawaida ya kumtupa mtu mmoja nje kwa adabu hivyo. Kuna aliyeingia kama mkuu?”

“Hakuna. Haiwezekani, dirisha linakataza. Hata wewe unajua, au umesahau niliyokufundisha?”

“Nakumbuka yote, bosi, hayakuwa mengi.” Kwenye kochi Bi Wasila akainua kitambaa cha vileti, akakirudisha bila sababu. “Basi tupite mlango wa maandishi. Bi Raudha, keti wewe. Bonyeza vitufe vitatu hivi kwa pamoja.”

Akamtajia. Madirisha na picha vyote vikatoweka, skrini ikabaki nyeusi na mstari mmoja wa maandishi meupe unaouliza jina. Mongi alikuwa hajawahi kuuona mlango huo bila kijana mwingine kukaa mbele yake. Alisogea nyuma kidogo, akajifanya anaangalia soketi.

“Andika jina la mkuu,” Anis akasema. “Sasa itataka paswedi yake.”

Raudha akageuka. “Paswedi ya mkuu ni ileile ya zamani?”

Mongi akaifuta soketi kwa kidole. Sharmula ikasikika ikipoa jikoni.

“Mongi?”

“Sogea niandike mimi.” Akaja, akainama, akaandika haraka, akasimama ghafla. “Si nilisema? Kibodi imekufa! Naandika, haitokei hata nukta!”

“Huo mlango hauonyeshi kitu, bosi,” Anis akasema kwa upole mbaya. “Andika tu kama kipofu, halafu uingize.”

Mongi akaandika kama kipofu. Ikakataa. Herufi kubwa na ndogo zilikuwa zinampishana. Akaandika tena. Ikakataa. Kutoka msikitini ikaanza kusikika spika ikijaribiwa, upepo na mtu akikohoa, maana alasiri ilikuwa karibu. Simu ya Bi Wasila ikalia. Alikuwa Lotfi. “Anasema wafanyakazi wameshavaa viatu,” Bi Wasila akatangaza. “Anasema akisikia adhana anazima mashine.”

“Mtamkie mkeo, bosi,” Anis akasema. “Vidole vyake vimezoea.”

“Paswedi haitamkwi mbele za watu. Ni kanuni ya kwanza ya usalama.”

“Mzee Mongi,” Emna akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha. “Mimi nitaziba masikio.” Na kweli akaziba, viganja viwili, amekaa pale na bega lake juu.

Mongi alimtazama. Tumpe haki yake, alimtazama kwa muda. Kisha akamnong’oneza mkewe, lakini ule mnong’ono wake ulikuwa wa mtu aliyezoea kutoa amri. Chumba kizima kikasikia, na Anis huko aliko.

“Mkurugenzi Mongi. Pamoja, bila nafasi. Zote mbili herufi kubwa mwanzoni.”

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Mongi hakuwahi kuwa mkurugenzi hata kaimu wa wiki moja, na waliokuwa sebuleni wote walilijua hilo, kwa kuwa Sfax ni mji wa watu kujuana.

“Hongera, bosi,” Anis akasema mwishowe. “Hatukupata taarifa.”

Raudha akaandika. Mlango ukafunguka. Anis akamtajia amri fupi ya kuorodhesha yaliyomo kwenye folda yake, na mistari ikamiminika.

“Mbele ya kila faili kuna jina la mwenyewe. Unasoma nini?”

“Mkuu,” Raudha akasoma. “Mkuu. Mkuu. Mkuu. Yote. Mchoro wa Emna pia ni wa mkuu.”

“Ndiyo maana. Wewe una ufunguo sahihi wa nyumba ambayo imeandikishwa kwa mtu mwingine, unafika ukumbini unaambiwa hata kiti si chako. Sasa, hapo nyumbani nani mwingine ana paswedi ya mkuu zaidi ya…” Akajizuia. Alikuwa na adabu, akiikumbuka. “Basi. Sijauliza.”

Bi Wasila ndiye aliyeuliza, kwa macho. Alimtazama Mongi, kisha vidole vya Raudha vyenye manjano ya bizari, kisha Mongi tena.

“Ni mimi,” Mongi akasema. “Mjinga wa leo ni mimi. Asubuhi. Nilikuwa napanga vitu.”

“Si ulisema nilibonyezabonyeza mimi?” Raudha akauliza bila kugeuka.

“Nilikuwa sijavuta.”

Anis akamtajia Raudha mstari mmoja wa kurudisha kila kitu kwa mwenyewe. Yeye akauandika, akausoma kwa sauti kabla ya kuuingiza, herufi kwa herufi, kama anavyopima nguo kabla ya kutia mkasi. Kisha mstari mwingine wa kumrudishia ruhusa zake. “Na sasa,” Anis akasema, “badilisha hiyo paswedi ya mkuu. Hii usiitamke.” Raudha akaandika, uso mtulivu, mara mbili, na skrini haikuonyesha hata nukta.

Wakarudi kwenye dirisha. Raudha. Paswedi. Nyeusi, na watu wote sebuleni wakabana pumzi, halafu meza yake ikafunguka na picha ya bahari aliyoiweka mwenyewe, na michoro yake imejipanga chini. Aliutuma mchoro wa Emna. Adhana ilikuwa imefika katikati Lotfi alipopiga tena simu ya Bi Wasila.

“Umefika. Mashine nimeiacha inawaka, nimewavua viatu watu wangu. Mwambie bibi harusi nitasafiri na kivuko cha mwisho na mke wangu atanitukana njia nzima.”

Emna alikuwa bado ameziba masikio. Mama yake akamtoa mikono, akamwambia, na msichana akainuka, akamkumbatia Raudha na vitunguu vyake vyote. Mlangoni Bi Wasila akasita. “Raudha mwanangu, yale niliyosema…”

“Hukusema kitu, shangazi. Shika sharmula kidogo ya kesho. Imeshika chini, lakini juu ni nzuri.”

*

Mzinga wa magharibi ulipolia wakafuturu. Mongi alikunywa maji, akala tende moja, akawasha sigara kabla ya supu, na moshi wa kwanza ulipomshukia, ukamrudisha yule Mongi wa siku zote. Akanyoosha miguu.

“Sasa nipe hiyo paswedi.”

Raudha alikuwa akimkamulia limau kwenye supu. “Ipi?”

“Ya mkuu. Uliyoiweka leo.”

“Ya nini?”

“Ya nini vipi? Kompyuta niliiweka mimi. Mfumo ni wangu. Leo ilikuwa hashisha, kila mtu anajua hashisha, hata kadhi anaisamehe. Kesho ni Eid, imekwisha.”

“Kula supu, inapoa.”

“Raudha, usinifanye mtoto. Yule Anis anacheka huko na wenzake, sasa hivi, na futari mdomoni. Wasila atatangaza mtaa mzima. Na wewe ndani ya nyumba yangu unanificha! Niambie, ni mwanamume gani anaishi nyumbani kwake bila ufunguo?”

Raudha akaweka limau chini, akajifuta mikono.

“Yule aliyekuwa nao asubuhi.”